Ushauri wa Nchi ya Jua Kwenye Barabara ya Barafu

Kila mwaka kuna familia za Kenya, Tanzania na Kongo zinazohamia Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na nyingi hutua Brooklyn Park, Brooklyn Center na vitongoji vingine vya Minneapolis. Masanduku hayajafunguliwa, ushauri wa kuendesha gari kwenye baridi umeshaanza kumiminika. Shemeji ana wake, mzee wa kanisa ana wake, na kundi la WhatsApp la wanakijiji halilali. Wanaoutoa hawana nia mbaya. Wengine wameendesha malori kutoka Mombasa hadi Kigali kwa miaka mingi, na kwa usukani hawafundishwi na mtu.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya ushauri huo ilizaliwa kwingine. Ulikuwa kweli kwenye tope la Kinangop, kwenye mchanga wa Chalbi, au ndani ya Peugeot 504 yenye kabureta. Umehama pamoja na watu, ukavuka bahari, na hakuna aliyeuhoji kama bado unafaa. Hapa nayajibu madai yanayorudiwa zaidi, moja baada ya jingine. Mengi si upuuzi. Yana mahali yalipofaa, na yana mahali yanapovunjika.

Dai la 1: "Bado mapema. Theluji huja karibu na Krismasi."

Mwaka 1991 theluji ilianza kuanguka Minnesota tarehe 31 Oktoba, watoto wakiwa wanapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende za Halloween. Ilipokoma tarehe 3 Novemba, Minneapolis na St. Paul zilikuwa zimepata zaidi ya sentimita 70, na mji wa Duluth zaidi ya sentimita 90. Dhoruba ya namna hiyo haiji kila mwaka, lakini theluji ya Novemba si ajabu hata kidogo, na asubuhi zenye baridi ya kugandisha huanza kabla yake.

Kuna sababu nyingine ya kutosubiri. Siku redio inapotangaza theluji ya kwanza, mji mzima hukumbuka matairi kwa pamoja. Foleni ya gereji hujaa, na saizi ya gari lako huenda ikawa imekwisha. Mwezi wa kujiandaa ni Oktoba, na anayefika Januari ajiandae kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Dai la 2: "Gari langu linavuta kwa magurudumu yote manne. Matairi ya baridi ni biashara ya wenye maduka."

Hili ndilo dai linalopoteza watu wengi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Gari linalovuta kwa magurudumu manne hukusaidia kuondoka. Kwenye maegesho yaliyojaa theluji utalisifu: wenzako wanazungusha magurudumu papo hapo, wewe umeshatoka. Lakini kila gari, livute kwa mawili au kwa manne, lina breki nne na mipira minne ya kulisimamisha. Ukikanyaga breki, mfumo wa kuvuta hauna kazi. Ndiyo maana baada ya dhoruba utaona magari makubwa ya aina hiyo yamelala mtaroni kandokando ya barabara kuu. Yaliwapa madereva imani ya kuongeza mwendo, lakini hayakuwapa uwezo wa kuupunguza.

Kinachoshika barabara ni mpira. Matairi ya kawaida ya Marekani, yale yanayouzwa kama ya misimu yote, huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, hata kama hakuna chembe ya theluji barabarani. Tofauti yake ni kama ya kandambili mpya na kandambili iliyokauka juu ya marumaru iliyolowa. Tairi la baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na meno yake yana mikato midogo mingi inayouma theluji.

Dukani, angalia ubavu wa tairi. Mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake maana yake ni kwamba tairi hilo lilijaribiwa kwenye theluji likafaulu. Herufi M+S zikiwa peke yake hazina uzito huo, kwa kuwa zinahusu umbo la meno tu. Na ukinunua, nunua manne. Anayefunga mawili ya mbele ili apunguze gharama atakuta mbele inashika na nyuma inaponyoka, gari linamgeukia kwenye kona.

Jimbo la Quebec huko Kanada lina sheria kuhusu jambo hili tangu 2008. Siku hizi matairi ya baridi ni lazima huko kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Minnesota haina sheria kama hiyo, na ukimya huo wa sheria ndio unaowafanya wageni wadhani matairi hayo ni anasa. Bei yake huuma, ni kweli. Lakini ukiwa na seti mbili, moja hupumzika nyingine ikifanya kazi, kwa hiyo kila moja hudumu zaidi. Asiyemudu seti mbili anaweza kutafuta matairi ya mwaka mzima yenye ule mchoro wa mlima. Hayalingani na ya baridi kamili, lakini ni bora mara nyingi kuliko kuingia Januari na matairi yenye kipara.

Dai la 3: "Punguza upepo kidogo ili tairi lishike."

Aliyevuka Chalbi, au jangwa la Wahiba kule Oman, anajua ushauri huu ulikotoka. Kwenye mchanga, tairi lililopunguzwa upepo hutanuka na kuelea juu, gari halizami. Kwenye barabara ya lami yenye theluji iliyoshindiliwa au barafu, hakuna cha kuelea juu yake. Tairi lenye upepo mdogo hulegea kwenye kona na huchelewa kutii usukani.

Zaidi ya hayo, baridi hukupunguzia upepo bila kuombwa. Kila joto linaposhuka kwa nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza kiasi cha psi 1. Chukua gari lililojazwa psi 35 ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20. Lipeleke nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na ukipima tena utakuta 28 hivi, wala hakuna pancha. Ile taa ya tairi inayowaka asubuhi kwenye dashibodi, ambayo wengi huipuuza wakidhani ni kihisi kibovu, husema kweli. Pima tairi likiwa limepoa, kabla ya safari, na ujaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa dereva. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu kabisa, si kipimo cha gari lako.

Dai la 4: "Aliyezoea tope la masika hawezi kushindwa na theluji."

Dereva wa tope ana faida. Mikono yake haina pupa, na gari likihama kidogo hapigi kelele. Lakini tope huonekana. Unaliona mbele, unachagua mstari wako, unaongeza mafuta ili usikwame. Theluji mbichi nayo huonekana. Hatari kubwa ni ile usiyoiona: barafu nyembamba, angavu, iliyolala juu ya lami kiasi kwamba barabara huonekana imelowa tu. Wenyeji huiita barafu nyeusi, kwa kuwa lami nyeusi huonekana chini yake.

Barafu ina tabia mbili ambazo hakuna tope linaloweza kumfundisha mtu. Kwanza, huwa telezi zaidi karibu na nyuzi sifuri kuliko kwenye baridi kali, kwa sababu juu yake kuna utando wa maji. Kwa hiyo siku ambayo mgeni anasema afadhali leo kumepata joto, ndiyo siku ya kuongeza tahadhari. Pili, haitandazwi sawasawa. Madaraja hutangulia kuganda, kwa kuwa hewa baridi huyapiga juu na chini, wakati barabara ya kawaida bado inapata joto kidogo kutoka ardhini. Kwenye taa za barabarani, magurudumu ya wanaosimama na kuondoka huisugua theluji mpaka inang'aa kama kioo.

Tarehe 11 Februari 2021, huko Fort Worth, Texas, mvua iliyoganda iliikuta barabara ya I-35W kabla ya mapambazuko. Magari zaidi ya 100 yalirundikana, na watu 6 wakafa. Njia zile zilikuwa zimeinuliwa juu ya ardhi. Ukiifuata I-35 kuelekea kaskazini hadi mwisho wake unafika Duluth, Minnesota. Wengi wetu hufanya kazi za zamu katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee, na huwa barabarani saa kumi na mbili asubuhi, saa ambazo barafu ya usiku haijaguswa na jua wala na chumvi. Kipimajoto cha nje kilichomo kwenye dashibodi kikikaribia sifuri na lami inang'aa, tazama maji yanayorushwa na magurudumu ya gari la mbele. Yasiporuka ilhali barabara inaonekana imelowa, hiyo ni barafu.

Dai la 5: "Serikali imemwaga chumvi. Barabara ni salama."

Chumvi haiyeyushi barafu kwa joto. Huingia kwenye maji na kushusha kiwango ambacho maji hayo huganda. Kazi hiyo inahitaji muda, na inahitaji barabara isiwe baridi kupita kiasi. Lami ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hufanya kazi polepole sana, na karibu na nyuzi 21 chini ya sifuri hushindwa kabisa. Huko Minnesota, usiku wa Januari hushuka hadi huko. Hapo idara ya barabara huongeza kemikali nyingine au humwaga mchanga ili matairi yapate kitu cha kushika. Ukiona mchanga badala ya chumvi, jua kwamba barafu bado ipo chini yake.

Hata ile njia ya Fort Worth ilikuwa imenyunyiziwa maji ya chumvi kabla ya ajali. Chumvi ni msaada, haikupi ruhusa ya kukanyaga mafuta.

Mambo mawili yanafuatana na hili. Greda la theluji likiwa mbele yako likichapa kazi, kaa nyuma yake kwa mbali. Barabara iliyo nyuma yake ndiyo nzuri kuliko zote usiku huo, na anayeliovateki anaingia mwenyewe kwenye theluji ambayo halijaigusa. Pia, chumvi hula chuma. Siku joto linapopanda kidogo, peleka gari lioshwe, hasa chini ya uvungu, la sivyo kutu itaanza kwenye mabomba ya breki ambako huoni.

Dai la 6: "Washa gari, liache lipate moto nusu saa."

Wazee wetu waliosema hivi waliendesha magari ya kabureta. Asubuhi yenye baridi ya Limuru ulivuta choki, ukasubiri, na ukiondoka mapema lilizima njiani. Magari ya abiria ya Marekani yaliachana na kabureta mwanzoni mwa miaka ya 1990. Injini ya sasa hupima hewa na mafuta yenyewe. Nusu dakika hadi dakika moja inatosha oili kuzunguka, kisha uondoke taratibu, maana injini hupata joto haraka zaidi ikifanya kazi kuliko ikinguruma papo hapo. Kwenye baridi kali sana dakika chache zaidi zinafaa ili vioo viwe safi. Nusu saa ni kuchoma mafuta bure, na gari linalonguruma mtaani bila mtu huwapa wezi kazi rahisi.

Lakini sehemu ya kuogopwa katika dai hili ni pale mtu anapolipasha moto gari ndani ya gereji ya nyumba. Moshi wake una gesi ambayo sisi tunaijua. Ndiyo inayoua familia zinazolala na jiko la makaa chumbani, madirisha yamefungwa: kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu. Kuacha mlango wa gereji wazi hakutoshi, kwa sababu gesi hupenya hadi ndani ya nyumba. Gari liwashwe na litolewe nje papo hapo. Na kama limelala nje usiku wa theluji, zunguka nyuma uondoe theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kumkalisha mtoto ndani na kuwasha hita. Bomba likizibwa, moshi hurudi ndani ya gari.

Gari likikataa kuwaka, lawama huwa ni ya betri. Kwenye nyuzi sifuri betri hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hupoteza zaidi ya nusu, wakati huohuo oili imekuwa nzito na injini inadai nguvu zaidi. Anayehamia Minnesota akitokea Dallas au Phoenix na gari lake ajue kwamba joto la kule ndilo limeichosha betri, na baridi ya huku itafichua tu. Maduka mengi ya spea hupima betri bila malipo. Ikiwa ina zaidi ya miaka mitatu, pima sasa. Katika sehemu zenye baridi kuliko zote, kama Fairbanks kule Alaska au Winnipeg huko Kanada, magari huwa na hita ya injini na waya wake hutokeza mbele ya boneti. Dereva huuchomeka kwenye umeme usiku kucha, na maegesho mengi yana soketi kwa ajili hiyo.

Dai la 7: "Maji ni maji."

Kwenye gereji zetu nyingi, rejeta hujazwa maji ya bomba na safari huendelea. Katika joto la Mombasa hasara yake huja polepole, kwa kutu. Kwenye baridi ya kuganda huja usiku mmoja. Maji yanapoganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na hakuna chuma cha injini kinachoweza kuyazuia. Asubuhi unakuta bloku imepasuka, na gharama yake huweza kuzidi thamani ya gari. Kinachotakiwa ni mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti, ambao hauwezi kuganda mpaka nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Ukinunua gari lililotumika, hasa lililotoka kusini, usimwamini muuzaji kwa maneno. Fundi ana kifaa kidogo cha kupimia, na kazi yenyewe ni ya dakika moja.

Maji ya kuoshea kioo nayo ni vivyo hivyo. Ukijaza ya bomba yataganda ndani ya mpira wake, na lori litakapokurushia tope la chumvi kwenye kioo, utabonyeza swichi na hakitatoka kitu. Nunua ya baridi. Chupa huandikwa kiwango inachostahimili, na ya nyuzi 29 chini ya sifuri hupatikana kila mahali.

Halafu kuna wale wanaomwaga maji ya moto kwenye kioo kilichoganda. Kioo chenye baridi kikipigwa na joto la ghafla hupasuka, na maji yaliyobaki huganda tena chini ya magurudumu yako. Nunua kikwanguo cha plastiki chenye brashi. Safisha vioo vyote, taa zote, na paa pia. Dereva anayechungulia kwenye tundu moja alilokwangua mbele yake hamwoni mtoto anayevuka upande wa kulia, na polisi wakimwona watamsimamisha. Theluji iliyoachwa juu ya paa nayo humwangukia mbele ya macho pale anapofunga breki.

Dai la 8: "Piga breki kidogokidogo. Au zikanyage tu, gari lina ABS."

Haya ni madai mawili yanayopingana, na mara nyingi hutoka kwa mtu mmoja. Kupiga breki kwa kugusagusa kulikuwa ufundi wa kweli kwenye magari ya zamani, ambayo magurudumu yake yalijifunga na kuteleza. ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, hufanya kazi hiyo hiyo kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauwezi. Kwa hiyo katika dharura kanyaga kwa nguvu na ushikilie. Pedali itatetemeka na kunguruma chini ya mguu, na wageni wengi hushtuka wakaachia. Usiachie.

Lakini ABS haifupishi safari ya kusimama kwenye barafu. Kwenye theluji iliyolegea inaweza hata kuirefusha. Inachokupa ni uwezo wa kuendelea kugeuza usukani wakati wa kufunga breki. Ndivyo ulivyo pia mfumo wa kudhibiti gari lisiserereke, ambao Marekani imelazimisha kwenye magari madogo yote mapya kuanzia matoleo ya 2012: humsaidia dereva, haubadilishi mpira wala barafu. Nyuma ya gari ikianza kuponyoka, toa mguu kwenye mafuta, usiguse breki, tazama kule unakotaka kwenda na ugeuzie usukani huko. Na ule mfumo wa kushikilia mwendo wenyewe kwenye barabara kuu, uzime siku ya theluji.

Dai la 9: "Mwenda pole hajikwai. Endesha polepole, inatosha."

Methali ni nzuri, ila haikutungiwa barabara kuu. Anayekwenda maili 30 kwa saa akiwa mita chache nyuma ya gari la mbele yuko hatarini kuliko anayekwenda 45 akiwa na nafasi ndefu mbele yake. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza huwaonya madereva kwamba umbali wa kusimama kwenye barafu unaweza kuwa mara kumi ya ule wa barabara kavu. Kwenye lami kavu sekunde tatu nyuma ya mwenzako zinatosha. Kwenye theluji, hesabu nane hadi kumi. Watu watakuingilia kwenye nafasi hiyo. Waache waingie, kisha uitengeneze upya.

Upole unaotakiwa ni wa mikono na miguu. Mafuta yaongezwe taratibu, breki ianze mapema, usukani ugeuzwe bila kukurupuka. Kila mara fanya jambo moja tu: punguza mwendo kabla ya kona, halafu kata kona. Kwenye mlima, pata mwendo kabla ya kuanza kupanda, maana ukisimama katikati huenda usiondoke tena.

Ndugu wa dai hili ni yule anayesema kibao kimeandika 55, yeye alikuwa 50, kwa hiyo hana kosa. Namba ya kibao ni ya siku nzuri. Sheria ya Minnesota hudai mwendo unaolingana na hali ya barabara, na unaweza kuandikiwa kosa ukiwa chini ya kibao. Hudai pia taa kuu ziwashwe wakati theluji inaanguka, hata mchana. Taa ndogo zinazojiwasha zenyewe mchana hazitoshi, kwa kuwa kwenye magari mengi haziwashi za nyuma.

Dai la 10: "Ikizidi, mimi siendeshi. Gari naliacha mtaani."

Kutoendesha ni uamuzi mzuri, na asiyelazimika kutoka abaki nyumbani. Ila Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, gari lililoachwa mtaani nalo lina sheria zake kwa siku tatu. Siku ya kwanza, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, hakuna kuegesha upande wowote wa njia za dharura ya theluji. Siku ya pili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, huondolewa magari ya upande wenye namba shufwa katika mitaa mingine, na siku ya tatu ya upande wenye namba witiri. Asiyefuata hukuta mahali pa gari pamesafishwa na gari limevutwa, na hulikomboa kwa fedha. Jiandikishe upate tangazo kwa simu.

Dai la 11: "Ukikwama, tembea utafute watu."

Kijijini hili ni sawa kabisa. Ukikwama kwenye njia ya Rungwe, ndani ya robo saa vijana watafika kusukuma. Kwenye barabara ya mashamba ya Minnesota wakati wa dhoruba hakuna anayepita, na upepo huirusha theluji mpaka huoni mkono wako. Kukiwa na nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuanza kuganda ndani ya nusu saa. Nyumba uliyoiona karibu huenda iko mbali kuliko uwezo wa viatu vyako.

Kaa ndani ya gari. Piga simu ya dharura 911, funga kitambaa cha rangi kali kwenye antena au mlango, na uondoe theluji kwenye bomba la moshi. Washa injini dakika kumi hivi kila saa, dirisha moja likiwa wazi kidogo. Hii ndiyo sababu tangi halitakiwi kushuka chini ya nusu miezi hiyo yote. Buti liwe na blanketi, koti zito, glavu, koleo, mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya magurudumu, tochi, nyaya za kuazima moto kutoka betri ya gari jingine, maji na chakula kikavu. Weka na buti za miguu, maana wengi wetu hutoka nyumbani na viatu vya kazini kwa kuwa gari lina hita. Kabla ya safari ndefu angalia hali ya barabara kwenye huduma ya 511, na mwambie mtu unapita njia gani.

Fedha zianzie wapi?

Aliyefika juzi hawezi kununua vyote kwa mshahara wa kwanza. Aanze na matairi, maana ndiyo yanayogusa barabara. Yafuate betri na kulanti, kisha vile vya buti, ambavyo vingi vimo nyumbani tayari. Gari kubwa la kuvuta kwa magurudumu manne liwe la mwisho kwenye orodha, ingawa ndilo ambalo wauzaji na mashemeji hulitaja kwanza.

Na anayekupa ushauri mpya, muulize kwa heshima aliutumia wapi, kwenye gari la aina gani, na mwezi gani. Akisema Kinangop, mshukuru na umpe chai. Halafu theluji ya kwanza ikianguka, tafuta maegesho makubwa yaliyo tupu, mbali na nguzo na magari. Nenda mwendo wa mtu anayekimbia, kanyaga breki kwa nguvu, usikie pedali inavyotetemeka, na uone gari linavyoteleza mbali kuliko ulivyodhani. Rudia mpaka mguu ujue cha kufanya, ndipo uingie barabarani.